Bandeji Alipopelekwa Likizo Mwandoya

Watu wa Kasoli walicheka mpaka wakashika mbavu waliposikia kwamba Nesi Mektilda anakwenda likizo na mbwa. Mtu akienda likizo hubeba sukari, sabuni, kanga ya mama, na kama mwaka umekuwa mzuri hubeba na redio. Mbwa hubaki nyumbani kulinda masufuria. Lakini Mektilda binti Mboje hakuwa mtu wa kuwauliza majirani afanyeje na kilicho chake, na waliotaka kucheka aliwaacha wacheke, kwani wengi wao aliwapokea yeye mwenyewe walipotoka tumboni mwa mama zao wakiwa wanalia.

Mbwa mwenyewe hakuwa hata mbwa, alikuwa kitoto cha wiki saba chenye tumbo kubwa. Mama yake aligongwa na lori la pamba nyuma ya zahanati, ndugu zake watatu wakafa mmoja mmoja, akabaki huyu mwekundu mwenye duara jeupe lililouzunguka mguu wa mbele. Nesi alimlisha uji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila saa mbili, kama mtoto njiti wa wodini. Kina mama waliokaa kwenye benchi la kliniki walimwona wakauliza, "Nesi, huyu kaumia wapi mpaka umemfunga?" Basi jina likapatikana bila kutafutwa, akaitwa Bandeji.

Likizo yenyewe ilikuwa ya kudaiwa kwa miaka minne. Ilikuwa enzi ya kupunguza wafanyakazi. Serikali ilipalilia watu wake bila kuangalia vizuri lipi gugu na lipi zao, na Mektilda alijikuta amebaki peke yake kwenye zahanati, mkunga yeye, mfunga vidonda yeye, mfagiaji yeye. Akiomba likizo aliambiwa hakuna wa kumshikia nafasi. Mwezi wa nane wa mwaka tisini na saba ndipo alipoletwa binti mmoja kutoka Bariadi, na Mektilda akapewa siku zake ishirini na nane. Hakulala akifikiria. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na kila alichokitegemea kwa siku za uzee kilikuwa Mwandoya, ndani ya zizi la marehemu baba yake, akitunziwa na mdogo wake Jilala.

Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Aliwapata kwa miaka ishirini, mtamba huyu kwa mshahara wa miezi kadhaa, yule kwa mbuzi watatu aliozawadiwa na familia iliyopata mapacha. Mektilda hakujaliwa mtoto. Aliolewa ujanani, akakaa miaka sita bila kushika mimba, akarudishwa kwao kwa maneno ya adabu. Tangu hapo aliwazalisha wenzake hata idadi ikampotea, na furaha yake mwenyewe akaiweka kwa ng'ombe. Akistaafu angejenga nyumba ya tofali karibu na ya mama, angekunywa maziwa yake, na siku ya kufa asingezikwa kimya kimya kama mtu asiye na kitu.

Katika miaka hiyo minne habari zilimfikia kwa barua. Maneno yalikuwa ya mama yake, Kwandu, na mwandiko ulikuwa wa Milembe, mke wa Jilala, kwa sababu mama hakujua kuandika. "Mwanangu, ng'ombe wako hawajambo. Yule mwekundu amezaa jike. Mpe jina." Mektilda akampa jina la Ruksa, maana mwaka ule kila kitu kilikuwa ruksa, maduka ya watu binafsi, mabasi ya watu binafsi, mpaka pamba ikawa inanunuliwa na mtu yeyote mwenye mzani. Aliyefuata akamwita Mitumba. Wa tatu alikuwa dume, na mama aliandikisha kwamba anampiga pembe kila anayemsogelea, naye akaitwa Soko Huria. Mwezi wa sita barua ikasema Ruksa naye amezaa, na maziwa yake ni mazito. Watu husema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Mektilda aliisoma barua ile kwenye benchi la kliniki akacheka peke yake, akamwambia mjamzito aliyekuwa jirani, "Methali nyingine zimepitwa na wakati."

Hapo ndipo safari ya Bandeji ilipoanzia. Katika boma la mzee Mboje kulikuwa na desturi, na pengine haikuwa desturi ya boma jingine lolote. Mtoto wa mbwa akiletwa, mwenye mbwa humbeba mpaka mlangoni mwa zizi jioni, huchovya kidole kwenye maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, akamrambisha, na kumtajia ng'ombe huyo kwa jina. Mbwa aliyerambishwa hivyo huwa wa ng'ombe wale hadi kufa kwake. Mzee alisema mbwa asiyejua ng'ombe wa bwana wake humlinda mwizi. Mektilda alitaka Bandeji arambe maziwa ya Ruksa, arudi naye Kasoli akue, na mwakani warejee Mwandoya wote wawili moja kwa moja, yeye kustaafu na mbwa kulinda.

Pale Bariadi kondakta wa basi alitazama kapu akasema, "Mama, mbwa hapandi." Mektilda hakubishana. Alizunguka nyuma ya vibanda, akamfunga Bandeji mgongoni kwa kitenge, akamfunika kichwa, akarudi akapanda. Mama aliyekaa naye akamtazama mgongo kwa upole.

"Hongera. Mjukuu?"

"Asante," akajibu Mektilda, na hakuona haja ya kuongeza neno. Neno lile la mjukuu alisafiri nalo vizuri mpaka Bandeji alipobweka, na hapo basi zima likageuka, na kondakta akacheka hata akasahau kumdai nauli ya mzigo.

Alifika Mwandoya jua likiwa limeinama. Mama Kwandu alitoka nje akijikongoja, mwembamba kuliko miaka ile, akafungua mikono.

"Mwadila, mayu," Mektilda alimwamkia mama yake kwa Kisukuma, akipiga goti.

"Mwadila gete, mwanangu. Umekuja kweli? Na hiki nini mgongoni?"

Mektilda akafungua kitenge. Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamshika Bandeji masikio. Ndipo Mektilda akasema, "Nimemleta arambe maziwa ya Ruksa, kama enzi za baba." Kicheko cha mama kikakatika. Milembe aliyekuwa anasonga ugali akaangusha mwiko, akainama kuuokota, na hakuinuka haraka.

Ng'ombe waliporudi walikuwa saba tu, na Mektilda hakumtambua hata mmoja. Alisimama mlangoni mwa zizi na mbwa wake kifuani akiwatazama wakipita. Jilala alikuja nyuma yao na fimbo, akamsalimia dada yake kwa heshima zote, na kabla hajaulizwa akaeleza. Malisho yamekuwa mabaya mwaka huu. Ng'ombe wa dada amewapeleka kwa mzee Malimi, ng'ambo ya korongo, na Malimi naye wengi amewasogeza mbuga za mbali, ila wanaokamuliwa ndio waliobaki kwake. Ni jambo la kawaida, kila mfugaji hufanya hivyo wakati wa kiangazi.

"Basi kesho nitakwenda kwa Malimi," alisema Mektilda.

"Jua kali, na wewe umechoka na safari," alisema mama upesi. "Kaa. Maziwa nitakuletea mimi."

Kesho yake alasiri bibi yule wa miaka sabini na kitu alichukua kibuyu chake, akavuka korongo peke yake, akarudi jioni akihema, vumbi mpaka magotini. Mektilda alijisikia vibaya kumtumikisha mama yake kwa ajili ya mbwa. Alimbeba Bandeji mpaka mlangoni mwa zizi, akachovya kidole, na mbwa akaramba akitikisa mkia na mwili mzima. "Huyu ni Ruksa," Mektilda alimwambia. "Binti wa yule mwekundu. Ndio wenu." Alimgeukia mama yake ili wafurahi pamoja, akamkuta ameangalia pembeni. Alidhani mama anamkumbuka baba.

Siku ya gulio alikwenda sokoni kumnunulia mama kanga, Bandeji akimfuata na kamba shingoni. Karibu na wauza tumbaku alimwona mzee Malimi ameketi juu ya gogo, mfupi na mchangamfu kama zamani. Mektilda akaenda mbio, akamsalimia na kumshukuru kwa mikono miwili.

"Wabeja sana, baba. Wabeja kwa kuwatunza. Na maziwa ya juzi, huyu hapa ndiye aliyeyaramba."

Malimi akamtazama mbwa, akacheka. "Basi amekwisha kuwa mbwa wangu! Namjua Mboje na mambo yake. Mbwa akiramba kwa ng'ombe wangu ni wangu. Niachie hapo hapo."

"Si kwa ng'ombe wako, baba. Kwa Ruksa."

"Ruksa ndiye nani?"

Mektilda alidhani mzee anatania. Akamweleza taratibu, Ruksa mtoto wa yule mwekundu, na Mitumba, na Soko Huria mwenye pembe. Akamkumbusha hata mwaka juzi, Mitumba alipougua kwato, jinsi yeye alivyotafuta dawa kwa bwana mifugo Bariadi akaituma kwa dereva wa lori. Malimi aliacha kucheka. Alikuwa mtu wa kweli, na mtu wa kweli akiwa hajaonywa anyamaze wapi, husema.

"Mayu, ile dawa mama yako aliniletea mimi. Ilimponyesha ndama wangu, ndiyo maana alipokuja kuniomba maziwa sikumnyima. Aliniambia ni ya mbwa mgonjwa." Akasita. "Ng'ombe wako sijapata kuwa nao. Jilala aliwauza wote ule mwaka wa kwanza wa wanunuzi binafsi. Nilidhani ulimtuma."

Mektilda alimshukuru. Alikwenda akanunua kanga, kwa kuwa ndicho alichokuja kufanya, na hakukumbuka baadaye ilikuwa na maandishi gani. Njia nzima alikuwa anajiambia kwamba Malimi amezeeka, anachanganya watu. Kisha akakumbuka mwiko wa Milembe ulioanguka, na uso wa mama mlangoni mwa zizi, akajua mzee yule hajachanganya chochote.

Alimkuta mama uani anachambua choroko kwenye ungo. Akaketi mbele yake, Bandeji akajilaza katikati yao.

"Mama, nimeonana na Malimi."

Mkono wa mama ukasimama ndani ya choroko. Jilala alikuwa akifunga mpini wa jembe kando ya ghala, akasikia, akaja mwenyewe bila kuitwa. Hilo angalau alilifanya.

"Dada, niliwauza mimi," alisema. "Kampuni ilikuja na magari, ikatafuta mawakala. Wakala alitakiwa awe na mtaji wa kununulia pamba ya watu, halafu wao wanachukua mzigo na kulipa na faida juu. Nilitaka nikuzidishie. Ningekurudishia ng'ombe ishirini. Magari yakaja mara mbili, mara ya tatu yakabeba pamba yote, na wenyewe sijawaona mpaka leo."

"Uliniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua."

Jilala akakuna shingo. Hapo angenyamaza ingekuwa nafuu, lakini mtu aliyebanwa hutafuta pa kutokea hata kama ni juu ya mgongo wa mwenzake. "Na wewe, dada, tuseme ukweli, ulikuwa unamtunzia nani? Mtoto huna. Siku ukiondoka wangekuwa wa nani, si wangu na watoto wangu? Mimi nimetangulia tu kuchukua."

Milembe, ndani ya jiko, alimwita mumewe kwa jina, mara moja, kwa sauti ambayo mke huitumia mara chache. Jilala akachukua jembe lake akatoka.

Mektilda hakumfuata. Hasira yake juu ya Jilala alikuwa na mahali pa kuiweka. Kaka kuuza ng'ombe wa dada si habari mpya chini ya jua, na mali bila daftari huisha bila habari, yeye mwenyewe alikuwa amewasema wajinga wengine kwa methali hiyo hiyo. Kilichomkaba kilikuwa kingine. Alimtazama mama yake, mtu pekee duniani ambaye maneno yake hakuwahi kuyapima.

"Barua, mama."

Mama Kwandu akaendelea kutenga choroko mbovu na nzima.

"Mitumba alipougua nilifunga siku tatu nikimwombea. Niliazima pikipiki ya padri kwenda Bariadi kutafuta dawa. Mitumba aliuzwa lini?"

"Hakuuzwa."

"Alikufa?"

"Mwanangu, Mitumba hakuzaliwa," alisema mama. "Wala Ruksa. Wala huyo dume. Yule mwekundu aliuzwa akiwa na mimba."

Mektilda, aliyezoea kuwaambia wanawake habari mbaya kwa sauti ya chini huku amewashika mkono, hakujua mtu anayeambiwa hufanya nini na mikono yake. Aliiweka juu ya mbwa.

"Nilitaka kukwambia mara ya kwanza," alisema mama. "Nikamwambia Milembe aandike. Akaandika 'ng'ombe wako,' na mimi nikakuona umekaa peke yako kule, unarudi kutoka kuzalisha mtoto wa mtu, unafungua barua. Nikasema, amezaa. Ukajibu barua ya kurasa tatu, mwanangu. Kurasa tatu! Hukuwahi kuniandikia hivyo tangu ulipotoka kwa mume. Basi nikasema nitakuzalisha tena. Wewe uliwazalisha wote, na wewe hukuzalishwa na mtu."

Kama mama angesema alimwogopa Jilala, au alikula fedha zile, Mektilda angelia na yangekwisha. Lakini kumbe alihurumiwa. Kwa miaka mitatu watu wawili walikaa kwenye ua huu, mmoja akisema na mwingine akiandika, wakimtungia furaha kama wanavyomtungia mtoto hadithi ili ale. Naye alikula. Aliwasimulia wagonjwa, alimsimulia padri, aliwataja ndama wale katika sala kwa majina, na Mungu mwenyewe akiwatafuta asiwaone. Alijiona mjinga, tena mjinga mzee, na aibu ile ilimchoma kuliko hasara. Akalia kwa sauti, bila kujificha. Mama akanyoosha mkono kumgusa, Mektilda akalisogeza goti lake pembeni, na mkono ukabaki hewani.

Bandeji peke yake ndiye aliyefaidi likizo siku hiyo. Milembe alimletea ukoko wa ugali uliolowekwa kwa mchuzi, akauweka chini, akasimama.

"Dada, mwandiko ni wangu," alisema. "Sina la kusema."

"Unaandika vizuri," Mektilda akamjibu, na ilikuwa kweli.

Alikuwa bado na siku ishirini na tatu. Alizihesabu alfajiri ya pili yake akiwa anafunga mzigo, akaona hazina pa kwenda. Kasoli yule binti wa Bariadi yuko kwenye nyumba yake na kitanda chake. Kwao ni hapa. Hata hivyo kukaa hakuweza. Akajifunga kitenge, akamweka Bandeji mgongoni, kanga mpya akaiacha juu ya kitanda cha mama. Jilala alikuwa ametoka na ng'ombe mapema kuliko kawaida, na kila mtu alielewa kwa nini.

Mama Kwandu alimsindikiza mpaka barabarani, ingawa hakuombwa, akitembea hatua kadhaa nyuma kama mgeni. Walisimama kusubiri gari. Vumbi la basi lilipoonekana kwa mbali, mama alisogea karibu.

"Mwakani ukistaafu utakuja?"

"Kwenye boma la nani, mama?"

Mama akatazama huku na huku kana kwamba kuna mtu wa kuwasikia, akashika pindo la kitenge cha binti yake, akanong'ona haraka haraka.

"Kuna mtamba mmoja. Jilala hakumuuza, mimi nilimficha kwa watu wa kwa mjomba wako. Sikutaka kusema mbele yake. Ni wako, mwanangu, na ana mimba. Mvua zikianza atazaa."

Mektilda akamgeukia, akamtazama machoni. Kwa muda mrefu alikuwa akitazama macho ya wanawake na kujua nani anadanganya kuhusu tarehe zake na nani hadanganyi. Kwa mama yake hakuona kitu. Huenda mtamba yupo. Huenda mama amemzaa sasa hivi, hapa barabarani, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa aondoke nacho.

Swali lilikuwa limekwisha kufika mdomoni: ana rangi gani? Basi likasimama, kondakta akafungua mlango akasema wapande haraka. Mektilda akaweka mguu kwenye ngazi na hakuuliza.